Kiti cha Upande

Pikipiki ilinguruma huku mkono wa Fabiano uko juu hewani.

Akwero aliyaona hayo kwa macho yake mwenyewe. Alikuwa amekaa nyuma ya mumewe, kwa upande, miguu yote miwili ikining'inia kushoto na kikapu cha chakula mapajani. Mbele yao palikuwa na mapipa mawili yaliyolazwa boriti juu yake, na askari watatu wakitafuna karanga. Utaratibu wa kizuizi kile ulijulikana na kila mpita njia: ukikaribia, punguza mwendo, inua mkono wa kulia ili waone kiganja kitupu, simama kabla ya mapipa. Fabiano alikuwa amefanya yote. Mguu ulikuwa kwenye breki, mkono wa kushoto umebana klachi, wa kulia umenyooka juu. Na huo wa kulia ndio mkono wa resi. Sasa ni nani aliyekuwa akiongeza mafuta?

Injini ikapanda sauti, ikapanda tena, kama mtu anayegombana peke yake. Fabiano alishtuka, vidole vya klachi vikateleza, pikipiki ikaruka mbele. Akwero aliukamata mshipi wa mumewe. Kisha akasikia mlio mkavu wa chuma: bunduki ikikokiwa.

"Simama! Wewe, simama! Wewe nataka kukimbia?"

Fabiano akazima ufunguo. Kukawa kimya kabisa. Gurudumu la mbele lilikuwa limeegemea pipa, na vumbi lililotimka lilikuwa bado halijatua.

Koplo mmoja mrefu, mwenye maganda ya karanga kifuani, alikuja akaizunguka pikipiki polepole, namna mtu anavyozunguka ng'ombe anayetaka kumnunua.

"Juzi ilifanya hivi. Leo tena. Hii pikipiki yako haipendi askari?"

"Hapana, afande. Ni ugonjwa wa mashine. Inajiendesha yenyewe, afande."

"Inajiendesha." Koplo aliwageukia wenzake. "Musikie. Pikipiki ya mzee iko na kichwa yake!" Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka. "Kipande iko wapi?"

Fabiano akatoa kitambulisho chake cha reli kwa vidole viwili.

"Kwa reli wewe nafanya nini?"

"Natia grisi ekseli za mabehewa, afande."

"Na huyu mama?"

"Ni bibi yangu. Anashona mashuka ya hospitali, kule Mulago."

Koplo aliangalia pindo la gauni la Akwero. Tangu amri ya kukataza nguo fupi itoke, hapakuwa na mwanamke aliyepita pale bila pindo lake kuangaliwa. La Akwero lilifika nusu ya muundi. Koplo akatikisa kichwa kuridhika, halafu akainamia sikio la Fabiano, lakini sauti hakuipunguza.

"Mzee, sikia mimi. Mara ya tatu hapana uliza. Ikilia tena hapa, mimi najua nyinyi nakimbia. Umesikia?"

"Nimesikia, afande."

"Sukuma. Pita."

Wakaisukuma, Fabiano upande huu na mkewe upande ule, mpaka kona ilipowaficha. Fabiano alipopiga kiki, injini iliwaka kwa utulivu, tuku-tuku-tuku, kama haijui lolote.

Katika chumba cha kushonea, Akwero alikaa mbele ya cherehani yake ya mkono karibu na dirisha, akavuta shuka la kwanza kutoka kwenye rundo. Mashuka mapya yalikuwa hayaji tena. Kazi yao siku hizi ilikuwa kuchukua mashuka mawili mabovu, kukata katikati palipolika na kuunga kingo zilizobaki, ili mgonjwa alalie shuka moja zima. Akwero aliifanya kazi hiyo kwa namna ambayo mshono wa kiungo ulilala bapa kabisa. Alikuwa akisema kwamba mtu mwenye kidonda mgongoni anaujua mshono kuliko fundi aliyeushona.

Msimamizi alipita nyuma ya kiti chake. "Akwero, umechelewa."

"Kizuizini, mama."

"Kila mtu ana kizuizi chake. Huko nje kuna wanawake wanaoniomba hicho kiti kila siku. Ukichelewa tena, sitakuwa na la kukutetea."

Akwero alizungusha mkono wa cherehani, uzi ukakunjamana chini ya kitambaa, ukafanya vifundo. Wasichana wapya wakiona hivyo hubadilisha sindano. Yeye hakugusa sindano. Alianza pale uzi ulipofungamana, akaufuata nyuma kwa ncha ya kidole: sindano, tundu la juu, kibati cha kubania, ndoano, hadi kwenye kijiti cha uzi. Hapo akaukuta umejizungusha mara moja mahali pasipotakiwa. Akautoa. Cherehani ikaendelea.

Lakini akili yake haikuwa kwenye shuka. Kwa nini pale? Kutoka nyumbani Nsambya pikipiki inapita mashimo, inapita sokoni, inapanda na kushuka, na hainung'uniki. Ikifika mbele ya bunduki, inapiga kelele.

Kiti kile walikitengeneza wao wenyewe. Pikipiki ya Fabiano ilikuwa na kiti kifupi cha mtu mmoja, na nyuma yake fremu tupu ya kubebea mizigo. Mabasi yalipopungua, Akwero alitembea kwenda kazini na kurudi, mpaka magoti yakavimba, akawa anashuka kitandani kwa kushika ukuta. Ndipo siku moja Fabiano aliporudi kutoka kazini akavunja kitanda cha chuma cha binti yao Atim, aliyekwisha olewa. Alikata vyuma vya pembeni kwa msumeno, akaviunga kwa boliti, akafunga ubao juu yake. Chini ya pembe za mbele, zile zinazokalia mwili wa pikipiki nyuma ya tangi, aliweka vipande vya kandambili kuukuu ili chuma kisisugue chuma. Akwero akashona mto wa kitambaa cha plastiki cheusi, mshono mara mbili, akaujaza sufi aliyoichambua mbegu moja moja. Siku ya kwanza majirani wa nyumba za reli walitoka kuwatazama wakipita. "Tazama, Fabiano anaendesha sofa!" alipiga kelele Alanyo, mke wa jirani, na Akwero akampungia mkono kama mke wa waziri.

Wiki za mwanzo hazikuwa na neno.

"Min Atim," alisema Fabiano jioni ile, Akwero akiwa amerudi kwa miguu kwa kuogopa kizuizi. Ndivyo alivyomwita siku zote, mama Atim, kwa Kiacholi chao. "Kesho Jumamosi nikitoka kazini nitampelekea Mumbere hii mashine. Huyo atauona ugonjwa."

Mumbere alikuwa Mkongo, fundi wa Bukoto, mtu mnene wa vicheko ambaye aliwahi kuiwasha pikipiki iliyotolewa mtoni. Fabiano aliondoka peke yake mchana, akarudi jua linazama. Akwero alimjua kwa jinsi alivyoegemeza pikipiki ukutani: polepole mno, kwa uangalifu wa mtu asiye na habari njema.

"Haina kitu," alisema, akinawa mikono kwa majivu kutoa grisi. "Ameifungua kabureta, ameiosha kwa petroli. Ameutia mafuta waya wa resi mpaka unateleza kama samaki. Amebadilisha springi, ameweka ngumu kuliko ya zamani. Ameiendesha mwenyewe. Halafu tumeiendesha sote wawili, yeye nyuma yangu. Haikulia hata mara moja. Amenicheka. Anasema nimuulize padri."

"Na kizuizini? Si ulipita?"

"Nilipita kwenda na kurudi. Nikainua mkono, nikasimama. Imetulia kama mtoto aliyeshiba. Yule koplo akanipungia tu nipite."

Akwero alikuwa akichagua mawe kwenye mchele. Vidole vilisimama.

"Ulikuwa peke yako."

"Peke yangu."

Fabiano alikaa kwenye kigoda, akaangalia viganja vyake. Alikuwa mtu wa kusema maneno magumu kwa sauti ndogo. "Nimefikiri njiani. Labda ungekaa nyumbani kidogo. Mpaka nipate—"

"Mpaka upate nini? Kiti changu pale hakitakaa kitupu hata siku moja."

"Najua. Lakini yule mtu hakuwa anatania, Min Atim. Niliuona mdomo wa bunduki. Mimi nilikuwa mbele, lakini aliyekaa kwa upande ni wewe. Ubavu wako wote uko wazi kwao."

"Basi tushuke mbali, tuisukume mpaka kwao."

"Anayeshuka mbali huulizwa anaficha nini. Yule muuza mkaa walimmwagia magunia yote barabarani."

Akwero alimtazama mumewe. Hakuwa na hasira. Alikuwa amekamatwa na swali, na likishamkamata halimwachi. "Mumbere alikaa wapi?"

"Nimekwambia, nyuma yangu. Tena ni mzito kuliko wewe mara mbili, kama ni uzito unaofikiria. Hata mimi nilifikiria hivyo."

"Alikaaje?"

"Alikaa! Mtu anakaaje?"

Akwero alirudi kwenye mchele wake, lakini mawe aliyaacha yakapita.

Jumapili, baada ya misa kilimani, alipika malakwang, mboga yao chachu ya ufuta, na viazi vitamu. Hajaipua bado, Mumbere akaingia uani akisukuma baiskeli, amevaa shati la kanisani na suruali ya kazini.

"Mama Atim, mimi sikulala," alisema kabla ya salamu. "Mashine kunishinda, hapana. Bibi yangu Marie-Jeanne amesema, enda kwa huyo mutu, enda uone, maana unageuka-geuka kwa kitanda kama samaki kwa kikaango."

"Karibu, fundi. Utakula kwanza?"

"Tutazame kwanza. Nikila nitakuwa mupole."

Wakaitoa pikipiki kwenye njia pana iliyo kati ya safu mbili za nyumba. Fabiano akawasha. Mumbere akapanda nyuma yake, mguu huku na mguu huku, magoti yametanuka, wakaenda hadi bomba la maji, wakafunga breki, wakageuka, wakarudi. Tuku-tuku-tuku. Majirani walikuwa wamekwisha toka na vigoda vyao. Wakaenda tena. Hakuna kitu.

"Unaona?" alisema Mumbere. "Haina ugonjwa. Labda inaogopa bunduki. Hata mimi naogopa."

Akwero alifuta mikono kwenye kanga. "Fundi, kaa kama mimi."

"Vile gani?"

"Kwa upande. Miguu yote kushoto."

Mumbere alitazama majirani, akamtazama Fabiano, akarudi kwa Akwero. "Mama, mimi ni mwanaume."

"Pikipiki haijui."

Kicheko kilianzia kwa Alanyo kikaenda nyumba hadi nyumba. Fabiano mwenyewe alikuwa akitazama chini ili asionekane anacheka. "Lakini Min Atim," alisema, "kama kukaa ndiko kubaya, si ukae kama sisi tu?"

"Na pindo langu likae wapi? Kiunoni? Yule koplo ataacha kuuliza pikipiki, aanze kuuliza mapaja." Alifungua kanga yake kiunoni, akamtupia Mumbere. "Shika. Jifunge, usione haya."

Mumbere akaipokea. Ni lazima isemwe kwamba alikuwa mtu anayependa kujua kuliko anavyopenda heshima yake. Aliifunga juu ya suruali, akapandisha makalio kwenye mto mweusi, akakutanisha magoti yake makubwa, akashika mabega ya Fabiano kwa vidole vya madaha. Wanawake wakapiga vigelegele.

"Fabiano, umeoa tena?" aliita Alanyo. "Huyu mahari yake ng'ombe wangapi?"

"Wote wa kwenu!" alijibu Mumbere. "Endesha, bwana yangu, mama mukwe asituone!"

Fabiano akaingiza gia. Wakaenda hadi karibu na bomba, akafunga breki, na kama mtu aliyekanyagwa kidole, injini ikapaza sauti.

Vigelegele vikakatika.

Mumbere aliacha kucheka. Akaitazama mikono ya Fabiano, akaona wa kulia umeachia kabisa. "Rudia," alisema, kwa sauti nyingine. Wakarudia. Ikalia tena, kali, moshi wa buluu ukatapakaa njiani.

"Usizime!" Akwero alikuwa akija mbio kwa magoti yake yale. "Toa gia, usizime. Fundi, usisogee. Kaa hivyo hivyo ulivyoteleza mbele."

Alipiga magoti chini, upande wa kushoto, kwenye changarawe. Watu wakamzunguka. Hakutazama kabureta, ambako macho ya mafundi hukimbilia kwanza. Alianza juu, kwenye mkono wa resi, akaweka kidole kwenye ganda jeusi la waya akalifuata: linainama, linaingia chini ya tangi, linatokea nyuma yake, linashuka. Hapo kidole kikakwama. Pembe ya mbele ya kiti, kile chuma cha kitanda cha Atim, ilikuwa imelala juu ya ganda la waya, imelikandamiza likapinda kama mgongo wa kiwavi. Waya wa ndani haukuwa na urefu wa ziada. Ganda likipindwa, waya unavutwa. Waya ukivutwa, mafuta yanafunguka, na mkono wa mtu hauhusiki.

"Fundi, nyanyuka kidogo."

Mumbere akainua makalio. Sauti ikashuka.

"Kaa."

Ikapanda.

"Nyanyuka."

Ikashuka. Watoto walikuwa wamekwisha shika mchezo, wakipiga kelele pamoja na Akwero, "Kaa! Nyanyuka!" na fundi mkubwa wa Bukoto akipanda na kushuka juu ya mto ndani ya kanga ya maua, jasho likimtiririka, uso wake umejaa furaha tupu.

"Kumbe!" alisema. "Kumbe, kumbe, kumbe. Mimi nakaa katikati, uzito inagawanyika. Mama anakaa upande, kiti kinalala upande. Bwana akifunga breki, mama anateleza mbele, kiti kinauma waya. Njo maana kule kwa askari! Ni pale tu ndio unabana klachi, unafunga breki mpaka kusimama, na mukono iko juu!"

Walipokitoa kiti wakaviona vile vipande vya kandambili. Cha kulia kilikuwa bado kinene, na alama za nyayo za mtu zikisomeka. Cha kushoto kilikuwa kimesagika, kimekuwa chembamba kama ganda la kitunguu. Ndiyo sababu wiki za mwanzo hazikuwa na neno.

Fabiano alikizungusha kipande kile kiganjani mara nyingi. "Ni chuma changu," alisema. "Mimi ndiye niliyekata. Nilikupima kama unakaa kama mimi."

"Chuma ni chako, mzigo ni wangu," alisema Akwero. "Lete tupa."

Wakala wakiwa wanafanya kazi, kila mmoja kwa mkono mmoja. Fabiano akaisaga pembe ya chuma mpaka ikawa mviringo. Mumbere akauhamisha waya upande wa kulia wa mwili wa pikipiki, akaufunga kwa utepe wa tyubu ya ndani. Akwero alikata vipande vipya kutoka kwenye tairi la lori, cha kushoto kinene kuliko cha kulia, akavijaribu chini ya kiti akakata tena, namna anavyopima kiraka kabla ya kukishona. Kisha akapanda mwenyewe. Wakaenda hadi bomba la maji na kurudi, mara nyingi kiasi kwamba majirani walichoka wakarudi ndani. Injini haikupaza sauti.

Mumbere alikuwa akifunga spana zake kwenye gunia. Alisita. "Bwana Fabiano, hapa ni pa tambarare. Kule ni muteremko, na mashimo. Kiti kitasukuma zaidi. Mimi nafikiri itashika." Akakuna shingo. "Nafikiri."

Asubuhi ya Jumatatu, katika mteremko unaoelekea kizuizini, Akwero alikaa ameingiza mkono wa kushoto chini ya mto, vidole vikigusa mpira wa tairi. Aliuhisi ukiingia ndani kwenye kila shimo na kurudi. Mgongo wa Fabiano ulikuwa mgumu kama mlango. Mapipa yakaonekana. Fabiano akapunguza mwendo, akabana klachi, akakanyaga breki. Akwero akateleza mbele, mpira ukabonyea chini ya vidole vyake, ukabonyea zaidi. Mkono wa kulia wa Fabiano ukapanda juu.

Tuku-tuku-tuku.

Wakasimama kabla ya mapipa, mahali panapotakiwa.

Koplo mrefu alikuwa amekwisha inuka na bunduki mkononi. Alisubiri. Alipoona hakuna kinachotokea, aliinamisha kichwa upande mmoja, kama mtu aliyeahidiwa hadithi akanyimwa.

"Leo hailii."

"Hailii, afande."

"Kwa nini?"

Fabiano alieleza, kwa mikono zaidi kuliko kwa maneno: kiti, waya, mama anayekaa upande. Koplo alisikiliza hadi mwisho. Akachuchumaa akachungulia chini ya mto, akavuta utepe wa tyubu, akausukuma mpira kwa kidole gumba.

"Kwa hiyo ilikuwa ni mama nalisha pikipiki."

"Ni kiti, afande. Si mama."

"Hapana. Mimi haiko amini." Alisema bila ukali, na hilo ndilo lililomtia Akwero baridi. "Mtu nataka kukimbia, anaona bunduki, anarudi nyuma, halafu analeta hadithi ya kiti. Mimi nasikia hadithi mingi hapa. Mama, shuka."

Akwero akashuka, kikapu mkononi. Koplo akapanda mahali pake, kwa upande, buti zote mbili zikining'inia kushoto, bunduki imelazwa mapajani, mdomo wake ukigusa ubavu wa Fabiano. Alikuwa mrefu, ilimbidi akunje magoti. Askari wenzake walianza kutabasamu, wakamwona uso, wakaacha.

"Twende mpaka kule chini, nyuma ya ile ukuta. Halafu unafunga breki nguvu. Nguvu kabisa. Ikinyamaza, sawa. Ikilia…" Akajiweka vizuri kwenye sufi. "Twende, mzee."

Fabiano alimtazama mkewe mara moja. Akaingiza gia.

Akwero alisimama kando ya pipa. Aliona mgongo wa mumewe ukiwa mdogo na mgongo wa kijani ukiuegemea, aliona kiti kikilala kushoto kwenye shimo la kwanza, chini kuliko kilivyowahi kulala kwa ajili yake, kikainuka. Kwenye shimo la pili. Kikainuka. Pikipiki ikapita mwisho wa ukuta wa mawe, ikabaki sauti tu. Mahali fulani Mulago shuka lilikuwa likisubiri kwenye meza, na msimamizi labda alikuwa amekwisha tazama mlangoni, lakini Akwero hakuweza kulifikiria hilo. Aliufuata mlio kama anavyofuata uzi, akirudi nyuma na kwenda mbele, akitafuta ulipo.

Mmoja wa askari alimsogezea sanduku la risasi, tupu. "Mama, kaa." Mkononi mwake redio ndogo ilikuwa ikipiga muziki wa bendi, magitaa mengi kwa pamoja.

"Zima hiyo," alisema Akwero.

Askari alimkazia macho. Halafu, bila kujua kwa nini, akaizungusha redio mpaka ikanyamaza. Nyuma ya ukuta mlio ulikuwa ukipungua, ukipungua tena, wa mtu anayeanza kufunga breki. Wakasimama wote wawili, mwanamke na askari, vichwa vimeinama upande mmoja, wakisikiliza.